Aibu na Mapokezi katika Ufuko wa Nyanza

Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Maana yake ni kwamba mtu akikataa kuifunua shida yake, hata mbele ya wale wawezao kumsaidia, shida ile haimwachi. Methali hii yatufaa sana tukitaka kuifahamu sehemu moja ya historia ya Kenya ambayo vitabu vingi huipita upesi. Sote husoma habari za reli, za magavana na za vyama vya siasa. Lakini ni nadra kusoma habari za watu wa ufuko wa Ziwa Viktoria ambao, katika karne ya 20, waliutua mzigo wa aibu yao mbele ya wenzao, wakapokewa kwa jina la Kristo. Historia hiyo nayo ina miaka yake, mahali pake na mabishano yake.

Tuanze na mahali penyewe. Tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Nchi ile ilihesabiwa kuwa ya Uganda mpaka mwaka 1902, ilipotiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Wamisionari hawakuwa mbali. Kanisa la Marafiki lilijenga Kaimosi mwaka 1902; Waanglikana walianza kazi Maseno mwaka 1906, karibu kabisa na mstari wa Ikweta; na mwaka huohuo Waadventista wa Sabato wakatua Gendia, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam.

Wakati huohuo serikali ilitoza kodi ya nyumba, na fedha za kuilipa kwa watu wengi hazikupatikana ila kwa mshahara. Basi wanaume wakaenda kutafuta kazi katika reli, katika mashamba ya walowezi, katika chai ya Kericho na katika bandari ya Mombasa. Huko waliishi mbali na wazee wao na wake zao. Kijana aliyebatizwa akajikuta chini ya sheria mbili, yaani sheria ya ukoo na sheria ya kanisa. Aliyeivunja ya kwanza aliaibika nyumbani. Aliyeivunja ya pili aliaibika kanisani. Na wako wengi waliozivunja zote mbili, wasijue waelekee wapi.

Wajaluo huiita aibu "wichkuot", neno lililoundwa kwa maneno mawili, kichwa na kuvimba, kana kwamba aibu ni kitu kinachoonekana mwilini. Tena waliamini kwamba mtu akivunja mwiko wa ukoo hupatwa na "chira", maradhi ya kukonda na kudhoofika, nayo huweza kumfikia hata mtoto asiye na hatia. Ili apone, ilipasa kosa litajwe, ndipo dawa iitwayo "manyasi" itumike. Mambo mawili na tuyaangalie hapa. Kwanza, kosa la mtu mmoja lilikuwa jambo la jamaa nzima. Pili, kukiri kosa hakukuletwa na wageni. Watu wa ufuko ule walikwisha kujua kwamba lisilotajwa haliponi.

Wamisionari nao walikuja na habari za msamaha, lakini walikuja pia na masharti. Sharti lililowasumbua watu zaidi lilihusu ndoa ya mitala. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana, waliokutana Lambeth katika mji wa London, walikata shauri kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho mpaka atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa mara nyingine, kwa kadiri viongozi wa mahali walivyoona vema. Huko Lambeth shauri hilo lilionekana wazi. Katika boma la Mjaluo halikuwa wazi hata kidogo. Mume akitaka ubatizo, ni mke yupi aondoke? Aende wapi, na watoto wake wawe wa nani? Mwanamke aliyeolewa kwa mahari na kwa heshima zote za ukoo aliambiwa kuwa ndoa yake si ndoa. Aibu asiyokuwa nayo jana aliipata leo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Uamsho ulipozuka. Asili yake ni Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, huko Kampala, Mwingereza Joe Church, daktari wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Kiganda. Wote wawili waliona kwamba kanisa lina watu wengi na uhai kidogo. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na kutoka hapo kikaanza chama kisicho na ofisi wala katiba, ambacho wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 wajumbe wake walifika Kenya, na kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza Uamsho ulikuwa umekwisha ingia Maseno na vijiji vya Nyanza.

Mkutano wa walokole ulikuwa rahisi. Watu walikaa pamoja, wakasoma Neno, kisha mmoja akasimama na kulitaja kosa lake kwa jina lake: wizi, uzinzi, ulevi, uchawi au chuki. Alitakiwa kutaja lake, si la mwenziwe. Akaeleza jinsi alivyopata amani alipoamini kwamba Yesu amekwisha kulilipia deni lile msalabani. Wenziwe wakamwimbia kwa furaha wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wakamkumbatia. Lakini jambo halikuishia katika wimbo. Kilichoibwa kilipasa kirudishwe, deni lilipwe, na adui aendewe nyumbani kwake akaombwe msamaha. Kwa njia hiyo watu waliona kwa macho yao kwamba toba ya mtu yule si maneno matupu.

Kutaja aibu mbele ya watu si jambo geni katika Ukristo. Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, akasimulia humo hata mapeari aliyoiba na wenzake katika ujana wake. Hata hivyo Augustino aliandika akiwa amekwisha kuwa askofu. Katika Nyanza aliyesimama aliweza kuwa mpishi, mvuvi, mwalimu wa shule ya kijijini, au mwanamke asiyejua kusoma. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Uamsho. Mbele ya msalaba hapakuwa na mkubwa. Wako Wazungu walioungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwafundisha. Na katika nchi ya kikoloni, ambamo Mzungu na Mwafrika hawakula meza moja, neno hilo halikuwa dogo. Mjaluo, Mluhya, Mganda na Mkikuyu waliitana ndugu. Mtu aliyekuwa mbali na ukoo wake alipata ukoo mwingine, nao walimjua kwa mabaya yake yote, wala hawakumfukuza.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mambo yalikwenda sawa siku zote. Miaka ilipopita, waliopokewa bure walianza kuwapima wengine. Ikawa mtu akiingia kanisani huulizwa kama ameokoka, tena ameokoka vipi. Mkristo mzee aliyeshika imani yake kimya kwa miaka mingi aliweza kuonekana kuwa si Mkristo kwa sababu tu hakusimama na kusema. Ungamo, ambalo kwanza liliwafungulia watu njia, sasa liliwafungia wengine.

Katika Nyanza ya Kati mgawanyiko huo ulipata majina. Wale waliotia mkazo katika damu ya Yesu waliitwa Joremo, yaani watu wa damu. Wenzao waliitwa Johera, yaani watu wa upendo. Miongoni mwa viongozi wa Johera alikuwako kasisi wa Kianglikana, Abednego Matthew Ajuoga. Wakati huo Wajaluo walikuwa wamepata Biblia nzima katika lugha yao; Agano Jipya lilitoka mwaka 1926, na Biblia kamili mwaka 1953. Watu walisoma wenyewe habari za upendo wa ndugu, wakauliza upendo huo uko wapi katika kanisa lao. Ugomvi ulihusu pia madaraka, na neno la Mwafrika kusikilizwa na wakubwa wa kanisa. Baada ya mashauri yasiyofaulu, katika miaka ya 1957 na 1958 Johera walitoka, wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Makao yake yakawa Kisumu, mahali paitwapo Dala Hera, maana yake boma la upendo.

Ni nani aliyekuwa na haki? Mwanafunzi wa historia asifanye haraka kuhukumu. Joremo walijua kwamba upendo usiosema kweli huacha donda chini ya kovu; wahenga nao walisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Johera walijua kwamba kweli isiyo na upendo humwongezea mtu aibu badala ya kumpunguzia. Kila upande ulishika nusu ya jambo ambalo mikutano ya kwanza ya Uamsho ililishika zima.

Johera hawakuwa wa kwanza kujenga nyumba yao wenyewe. Kaskazini mwa Kisumu, katika vilima vya Waluhya, Daudi Zakayo Kivuli alikuwa msimamizi wa shule za misioni ya Kipentekoste ya Nyang'ori. Mwaka 1932 alisema kwamba Roho Mtakatifu amemshukia, na mwaka 1942 akaanzisha Kanisa la Israeli la Afrika, Ninawi. Waumini wake walivaa mavazi meupe, wakaandamana barabarani kwa ngoma na bendera, na kuungama dhambi waziwazi kulikuwa msingi wa ibada yao. Watu waliokwisha kuoa wake wengi hawakufungiwa mlango. Wako waliowacheka, lakini mwaka 1975 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1963 nako, katika Nyanza ya Kusini, Simeo Ondeto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, waliongoza watu wengi kutoka katika Kanisa Katoliki, wakaunda Legio Maria. Wengi walioingia ni wale waliokuwa wamezuiwa ubatizo au Meza ya Bwana kwa sababu ya ndoa zao, na wagonjwa waliotafuta maombi.

Wataalamu wawili, F. B. Welbourn na mwanahistoria wa Kenya Bethwell Ogot, aliyesoma Maseno, waliandika habari za kanisa la Ajuoga na la Kivuli katika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Jina la kitabu hicho, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Mahali pa Kujiona Nyumbani". Jina hilo laeleza vema watu hao walitafuta nini. Hawakuikimbia toba, kwa maana makanisa yao yaliidai toba kwa bidii. Walitafuta mahali ambapo mtu akishatubu huhesabiwa kuwa wa nyumbani.

Na makanisa ya kale je? Nayo yalijifunza, ingawa kwa taratibu. Mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya lile shauri la kwanza, maaskofu wa Kianglikana walikutana tena Lambeth, na safari hii maaskofu wa Afrika walikuwa wengi. Wakakubali kwamba mume wa wake wengi aliyeamini aweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti kwamba asioe tena maadamu mmoja wa wake aliokuwa nao angali hai, na kwamba Wakristo wa mahali pale wakubali kumpokea. Wakasema pia kwamba asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya unyonge utakaompata mwanamke yule katika jamii. Neno hilo la mwisho ndilo ambalo wanawake wa Nyanza walilijua tangu mwanzo, kwa kuwa wao ndio walioondoka na mizigo yao kichwani.

Basi, ukipita Kisumu siku ya Jumapili ukaona waumini wenye mavazi meupe wakiandamana kwa ngoma, au ukisikia wimbo wa walokole kutoka katika kanisa la mawe, kumbuka kwamba hayo si mambo ya juzi. Nyuma yake wako watu waliosimama, wakasema walilolificha, wasijue watajibiwa nini. Ujasiri wao ulikuwa mkubwa. Lakini ungalikuwa bure kama wale walioketi wangaligeuza nyuso zao. Ndiyo maana, katika kuisoma historia hii, haitoshi kumtazama yule aliyeungama. Yapasa tuwatazame pia waliomsikiliza, na kuuliza walimfanyia nini alipokwisha kusema.