Fedha ya Pate: Kutoka Mizani ya Sonara Hadi Picha ya Simu

Karne ya 19, mwanamke wa pwani yetu aliyetaka kikuku aliweza kumpelekea sonara fedha yake mwenyewe. Mara nyingi ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya gramu 28 hivi iliyoandikwa mwaka 1780, hata ikiwa imepigwa miaka mingi baadaye. Riale zilipimwa, zikayeyushwa, zikafuliwa. Kikuku kikiisha, mizani ilikuwa shahidi baina ya fundi na mwenye mali.

Kisiwani Pate, fedha ina historia ndefu kuliko riale. Katika magofu ya mji wa Shanga, wachimbuaji walioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 walikuta sarafu ndogo mno za fedha, zilizopigwa papa hapa pwani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, pamoja na shanga za kioo na za akiki. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Baadaye Siyu, kisiwani humo humo, ikapata sifa kwa mafundi wa fedha, wa ngozi na wanakili wa Misahafu.

Mwishoni mwa karne ya 19, picha za studio zilikuwa zimeshaenea pwani. Katika studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, wanawake walipigwa picha wakiwa na mikufu, vikuku na mapambo ya masikio. Picha zile zilionyesha hadhi ya mvaaji. Hazikuwa za kuuzia pambo.

Simu ndiyo iliyogeuza mambo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu wa Nairobi anaweza kulipia pete ambayo hajaigusa. Anachokiona ni picha tu, na picha haina uzito.

Ndiyo maana upigaji picha wa vito unastahili heshima ya ufundi. Chukua pete ya fedha yenye jiwe la akiki. Juani saa sita, fedha humetameta hadi nakshi zikapotea, na akiki huonekana nyeusi. Ilete barazani asubuhi, tandika kitambaa cheupe, nuru iingie kutoka ubavuni: wekundu wa jiwe unawaka kwa ndani, na kila mkwaruzo wa tupa unaonekana. Simu usiisogeze mno, pete itavimba katikati. Zima taa ya simu. Kama jiwe lina ufa, upige nao, maana mnunuzi ana haki ya kuujua.

Mwisho, weka sarafu ya shilingi kando ya pete ili ukubwa wake ujulikane, na uandike gramu zake. Zamani sarafu iliingia motoni ikawa pambo; leo hulala ubavuni mwa pambo na kulitolea ushahidi. Muuzaji wa Pate asiiache nje ya picha.