Hospitali ya Kutwa na Tiba ya Fikra na Tabia

Katika hospitali ya kutwa ya magonjwa ya akili, mgonjwa huingia asubuhi, hutibiwa mchana, na jioni hurudi kulala kwake. Ya kwanza inayojulikana ilifunguliwa Moscow mwaka 1933 na daktari Dzhagarov. Hakuongozwa na nadharia yoyote: vitanda vilikuwa vimejaa, na fedha za kujenga wodi mpya hazikuwapo.

Mwaka 1946 wazo hilo lilichipuka tena katika miji miwili. Huko Montreal, Ewen Cameron aliwapa wagonjwa wa kutwa matibabu yale yale ya wodini, yakiwamo insulini na mshtuko wa umeme. Cameron huyo huyo baadaye aliwadhuru vibaya wagonjwa wake kwa majaribio yaliyogharimiwa na shirika la ujasusi la Marekani, na ni haki kulisema hilo kila anapotajwa. Joshua Bierer wa London, mfuasi wa mwanasaikolojia Alfred Adler, aliyehamia Uingereza mwaka 1938, alitaka jambo tofauti kabisa. Kwake, mgonjwa alihitaji kurudishwa miongoni mwa watu, kwa hiyo wagonjwa walikutana katika klabu zao na kuziendesha wenyewe.

Afrika ilikuwa na njia yake, nayo inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alirudi Nigeria kutoka masomoni Uingereza na kukabidhiwa hospitali ya Aro, karibu na Abeokuta, ambayo majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Hakungoja mafundi. Alizungumza na wakuu wa vijiji vya jirani, wagonjwa wakapokewa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akifuatana na ndugu wa kumtunza. Walikwenda hospitali kutibiwa, kisha wakarudi kijijini kwenye kilimo, jiko na mazungumzo ya barazani. Waganga wa jadi nao walishirikishwa. Lambo alithibitisha kwamba hata wagonjwa wa skizofrenia waliweza kuishi miongoni mwa watu huku wakitibiwa.

Mwaka 1963 sheria ya Marekani ilivitaka vituo vipya vya afya ya akili vya jamii viwe na huduma ya kulazwa kwa sehemu ya siku, na hospitali za kutwa zikaongezeka. Hata hivyo, hapakuwa na makubaliano juu ya kinachopaswa kufanyika humo tangu asubuhi hadi jioni. Dawa zilituliza dalili; saa zilizobaki zilijazwa na ususi, uchoraji na mazungumzo ya vikundi ambayo kila kituo kiliyaendesha kivyake.

Jawabu lilikuwa likiiva kwingine. Joseph Wolpe wa Johannesburg alieleza mwaka 1958 namna ya kumzoesha mtu hatua kwa hatua kile anachokiogopa. Albert Ellis wa New York, aliyekiri deni lake kwa Adler, alikuwa ameanza mwaka 1955 kupinga waziwazi imani zinazowatesa wagonjwa. Aaron Beck wa Philadelphia aligundua kwamba wagonjwa wa sonona hupitiwa na mawazo ya haraka ya kujilaumu na kukata tamaa, nao huyaamini bila kuyapima. Akawafundisha kuyaandika, kutafuta ushahidi wake, kisha kuyajaribu kwa vitendo. Jaribio lililochapishwa mwaka 1977 lilionyesha kwamba tiba hiyo haikushindwa na imipramini, dawa kuu ya sonona wakati huo, na mwaka 1979 ukatoka mwongozo wake kamili.

Tiba iliyozaliwa na kazi hizo, yaani tiba ya fikra na tabia, na hospitali ya kutwa zilifaana sana. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kuijaribu hofu yake ya kupanda basi akiwa wodini, na anayemwona mtaalamu mara moja kwa wiki husubiri siku nyingi kabla ya kusahihishwa. Wa kutwa hujifunza asubuhi, huijaribu kazi ya nyumbani jioni ile ile katika familia na mtaa wake, na kesho yake huleta matokeo mbele ya kikundi. Ratiba nayo ilipata mpangilio: kupanga shughuli za siku, kuandika mawazo, kukabili hofu, kujiandaa ugonjwa usirudi. Uchunguzi wa Manchester uliochapishwa mwaka 1990 ulikadiria kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa waliofika wakihitaji kulazwa wangeweza kutibiwa vizuri katika hospitali ya kutwa yenye wahudumu wa kutosha. Mwaka 2002 mwongozo wa taifa wa Uingereza ulipendekeza tiba ya fikra na tabia hata kwa skizofrenia.

Nchini Marekani, hata hivyo, kampuni za bima zilizidi kubana muda wa matibabu, na programu nyingi zikabaki za wiki chache tu. Masomo ya tiba yaliyotungwa yafundishwe kwa miezi kadhaa yakalazimika kukatwa vipande vinavyojitegemea, ili anayeanza Jumatatu aweze kukaa kikundi kimoja na anayeaga Ijumaa.