Njiti iliyowasha Geita

Aprili 7, 2027 itatimia miaka 200 tangu kiberiti cha kusugua kiuzwe dukani kwa mara ya kwanza inayojulikana kwa maandishi. Muuzaji aliitwa John Walker, mkemia mwenye duka la dawa mjini Stockton-on-Tees, Uingereza, na mauzo hayo aliyaandika mwenyewe kwenye daftari lake. Sijasikia mtu anayejiandaa kuiadhimisha siku hiyo hapa nchini, sembuse Shinyanga au Geita, na inaniuma. Katika ukanda wetu huu wa dhahabu na almasi kijiti kile kimewasha koroboi za wanafunzi, tambi za baruti na misokoto ya tumbaku ya wazee wetu. Leo kinasukumwa pembeni na kiberiti cha gesi, na hakuna aliyekaa chini kuandika kilikopita.

Mengi ninayoyaandika nimeyapata kwa watu wawili. Wa kwanza ni marehemu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa boi wa mhandisi mmoja wa Kizungu mgodini Geita katika miaka ya 1950. Wa pili ni mzee aliyepata kuwa fundi wa baruti kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Rwamgasa, Geita, ambaye ameomba nisimtaje jina. Wote wawili ni watu wa njiti. Msomaji alijue hilo tangu mwanzo, maana nimelelewa upande huo.

Kabla ya kiberiti, moto Usukumani ulitunzwa kama mifugo. Ukizimika ulipekechwa kwa ulindi juu ya uwimbombo, lakini kupekecha ni kazi ya jasho, hivyo watu walihakikisha hauzimiki. Pale shikome, kwenye moto wa jioni ambapo wanaume walikaa na kuwafunda vijana, gogo lilifukiwa kwa majivu usiku kucha. Asubuhi mtoto alitumwa na kigae kwenda kuomba kaa kwa jirani. Mwenye kiko aliliokota kaa kwa vidole vyenye sugu, akalitua juu ya tumbaku, akavuta mara mbili, akalirudisha mahali pake.

Neno kiberiti lenyewe lilitufikia kutoka pwani. Kibrit kwa Kiarabu ni salfa, ule unga wa manjano wenye harufu kali. Waswahili walipoisikia ile “ki” ya mwanzo wakalipanga neno pamoja na kiti na kisu, wakapata viberiti. Babu hakujua Kiarabu, lakini jambo hili alilijua kwa pua yake: njiti ikiwaka, kinachotangulia kunuka ni salfa. Tutalirudia.

Ulaya mambo yalikwenda haraka. Wengi hudhani laita ni mtoto wa kiberiti, kumbe ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner alitengeneza chombo kilichopuliza gesi ya haidrojeni kwenye platinamu hadi ikawaka, miaka mitatu kabla Walker hajavumbua njiti yake. Baadaye viwanda vikaanza kutumia fosforasi nyeupe, sumu iliyoozesha mataya ya wafanyakazi, na Julai 1888 wasichana wa kiwanda cha Bryant & May jijini London waligoma. Fosforasi hiyo ilipigwa marufuku kwa mkataba uliotiwa saini Bern mwaka 1906. Njiti salama tunayoijua, ile isiyowaka mpaka ikutane na ubavu wa kibweta chake, ni kazi ya Waswidi: Gustaf Erik Pasch aliivumbua mwaka 1844, na ndugu wawili wa ukoo wa Lundström wakaieneza kutoka mji wa Jönköping. Mwaka 1903 Carl Auer von Welsbach wa Austria akapata kile kijiwe cha kutoa cheche ambacho mpaka leo kimo ndani ya kila laita ya gurudumu.

Kwa hiyo migodi yetu ilipofunguliwa, njiti na laita zilikuwa zimekwisha kukutana. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Kule Mwadui, Mkanada John Williamson aliipata almasi mwaka 1940.

Babu aliajiriwa Geita akiwa kijana asiyejua kuvaa viatu. Kazi yake ilikuwa kufua, kupiga pasi, na jioni kusimama barazani bwana mkubwa akimaliza chakula. Mhandisi yule alivuta sigara za kawaida mchana kutwa, ila Jumamosi usiku alifungua sanduku la mbao na kutoa siga, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Mezani palikuwa na laita ya petroli, nzito, ya rangi ya fedha, na pembeni yake kibweta cha kiberiti. Laita ilikuwa ya wageni na ya sigara za karatasi. Siga iliwashwa kwa njiti tu, na mwenye kuiwasha ile njiti alikuwa babu.

Alitufundisha mara nyingi, akitumia kipande cha bua la mtama badala ya siga. Kwanza unawasha njiti na kuishika mbali, kichwa kikiangalia chini kidogo, ukisubiri. Kile kichwa kinapolipuka kinatoa salfa, na salfa ikiingia kwenye jani, jani halisahau. Unasubiri mpaka kichwa kiwe cheusi na moto uhamie kwenye mti wenyewe. Hapo ndipo unausogeza, lakini haugusi. Unauweka umbali wa upana wa kidole kutoka ncha ya siga, huku siga ikizungushwa polepole mpaka mdomo wake wote uwe na pete ya kaa. Njiti moja haitoshi. Zinakwenda mbili, pengine tatu, na ya pili inawashwa kwa ile ya kwanza kabla haijafika vidoleni.

“Petroli je, babu?” tulimuuliza.

“Petroli inakaa kwenye jani kama uvundo kwenye nguo,” alisema. “Ukivuta, unavuta gari.”

Siku hizi wapo wauza siga wa mijini wanaosema gesi safi haina ladha, na kwamba laita ya gesi ni sawa na njiti. Kwa gesi wana hoja. Butani haiachi harufu kama petroli. Lakini laita alizozijua babu zilikuwa za petroli, na hukumu yake ilitokana na hizo.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 babu alirudi kijijini, Nyang'hwale, na mambo mawili: koti la kaki na adabu ya kuwasha siga. Siga hakuwa nazo. Alichukua jani zima la tumbaku kutoka Kahama, akalilainisha kwa umande wa asubuhi, akalisokota juu ya paja. Sisi tuliuita msokoto. Yeye aliuwasha vilevile kama alivyomwashia mhandisi, kwa subira ileile, huku ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe. Na kiberiti kilikuwa cha Kibo, kutoka Moshi, chenye jina la kilele cha mlima. Babu alifurahi kwamba sasa njiti zilitengenezwa na watu wetu, kwa mti wa kwetu. Alivihifadhi vibweta vitupu na kutupa sisi tuvifanye mabehewa ya treni.

Ndipo ikaja miaka ya shida. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha nchi, fedha za kigeni hazikuwapo, na kufikia 1983, mwaka ambao Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwafyeka wahujumu uchumi, duka la kijiji chetu lilikuwa na rafu tupu na mizani. Sabuni, sukari, chumvi, kiberiti: tulivipanga foleni kama dawa. Mama alichukua wembe akaipasua kila njiti kwa urefu, kichwa mpaka mkia, akapata njiti mbili nyembamba. Nusu ya njiti ilitakiwa iwashe jiko, koroboi na msokoto wa babu kwa mpigo mmoja. Nakumbuka tukikimbia, mmoja ameshika koroboi, mwingine bua, tukimzunguka mama aliyeukinga moto kwa viganja, na babu ameinama na msokoto mdomoni. Watoto wa jirani waliachiwa makaa kwenye kigae. Tulikuwa tumerudi shikome.

Siku hizo mjomba alirudi kutoka safari na laita ya petroli aliyoipata kwa mtu wa mpakani. Aliibofya mbele ya ukoo mzima. Moto ukatoka, watoto tukapiga kelele.

“Baba, hii haina haja ya duka,” alisema.

“Ina haja ya petroli,” babu akajibu. “Na petroli iko duka gani?”

Mjomba akacheka, akasogeza laita kwenye msokoto. Babu alikuwa hajavuta siku nne. Nilimwona akisita. Akavuta mara moja, akautoa msokoto mdomoni, akaukata ncha kwa kisu, akaitupa ile ncha iliyoungua. Mjomba aliona ametukanwa mbele ya watoto. Alisema babu bado ni boi wa Mzungu, kwamba Mzungu ameondoka na yeye bado anamwashia siga. Hakuna aliyezungumza. Babu aliinuka, akaingia ndani, na kwa majuma matatu hawakula sahani moja. Bibi ndiye aliyewapatanisha, na siku ya kupatana mjomba alikuja na kibweta kimoja cha kiberiti alichokinunua kwa bei ya ulanguzi. Mpaka leo sijui kama mjomba alikosea kabisa. Lakini namjua babu: hakuwa akimwabudu mtu. Alikuwa amejifunza kazi moja vizuri mno, naye hakuwa tayari kuiharibu kwa sababu ya dhiki.

Wala siisifu tumbaku. Babu alikufa akikohoa. Hata Williamson wa Mwadui, pamoja na almasi zake zote, alikufa Januari 1958 kwa saratani ya koo akiwa na miaka 50.

Mzee wa Rwamgasa hakuwahi kuvuta. Kwake yeye kiberiti ni chombo cha kazi, na hapa ndipo njiti inapostahili kumbukumbu kubwa kuliko ile ya siga. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990, vijana walimiminika Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, na kila duara lililogonga mwamba lilihitaji mtu wa baruti. Tambi wanazozitumia ni za uzao wa ile iliyovumbuliwa na William Bickford kule Cornwall mwaka 1831, kamba yenye baruti katikati inayoungua kwa mwendo unaohesabika. Mzee alinionyesha kwa kamba ya katani. Unaikata ncha kimshazari, unaipasua kidogo, unakilaza kichwa cha njiti ndani ya ule mpasuko, kisha badala ya kupitisha njiti kwenye kibweta, unapitisha kibweta kwenye njiti. Kichwa kinalipuka hapohapo kwenye moyo wa tambi. Mpigo mmoja.

“Laita unabofya, inakataa, unabofya tena,” alisema. “Kidole kina jasho, gurudumu linateleza. Huku tambi nyingine imeshashika na wewe huna hesabu.”

Njiti ina udhaifu wake, naye hakuuficha. Duarani kuna maji, na kibweta kikilowa ubavu ule wa fosforasi nyekundu unabanduka kama ngozi ya mtoto aliyeungua. Ndiyo maana walikifunga kwenye nailoni mara mbili na kukiweka chini ya kofia. Walishuka na mshumaa pia, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya hewa: mshumaa ukianza kufifia bila upepo, hakuna aliyengoja kuuliza sababu, watu walipanda.

Baadaye ikaja migodi mikubwa, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mara baada yake, Buzwagi 2009 hadi 2021, ambako mwamba unalipuliwa kwa mitambo kutoka mbali na hakuna kidole kinachokaribia moto. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Na laita za plastiki kutoka China, zenye kitochi kidogo kitakoni, zikajaa kila kibanda. Zimefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha, mnunuzi wa sigara moja anawasha, anaiachia inaning'inia.

Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora yamehifadhi ngoma na viti vya watemi, nami hupenda kuwapeleka watoto. Ningefurahi siku moja kukuta humo ulindi, kibweta cha Kibo na kipande cha tambi vimewekwa pamoja kwenye kioo kimoja. Wenye kuweza kueleza kila kimoja kilivyotumika bado wapo, ila wanapungua kila masika.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kibanda kimoja Rwamgasa. Laita zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Nikaomba kiberiti cha njiti, mwenye duka akaniuliza kama mimi ni wa baruti. Kabla sijajibu akaingia kijana mwenye matope mpaka magotini, akanyoosha noti bila kusema anataka nini. Alipewa mshumaa na kibweta. Alikisogeza kibweta sikioni, akakitikisa, akasikiliza, akakifunga kwenye nailoni, akavua kofia.