Shujaaz: Jarida la katuni lililoipa Sheng ukurasa

Toleo la kwanza la Shujaaz, jarida la hadithi za katuni lililoandikwa kwa Sheng, lilitolewa nchini Kenya mnamo Februari 2010. Halikuuzwa. Lilipachikwa ndani ya gazeti la Daily Nation, na nakala nyingine zikagawiwa bure katika vibanda vya M-Pesa. Waliolitunga ni kampuni ya Well Told Story ya Nairobi, iliyoasisiwa na Rob Burnet.

Mhusika mkuu ni Boyie, kijana wa miaka 19 aliyemaliza shule ya upili akakosa kazi. Chumbani mwake nyumbani kwa wazazi anaunda kituo cha redio, anateka masafa kisirisiri na kujiita DJ B, wala hakuna amjuaye. Wenzake ni Maria Kim, Charlie Pele na Malkia. Ikilinganishwa na One Piece, hadithi ya Kijapani ambayo Eiichiro Oda alianza kuichapisha mwaka wa 1997, tofauti ni dhahiri. Luffy wa Oda anaabiri bahari akisaka hazina. Boyie anasaka riziki bila kutoka chumbani. Hata hivyo, kila mmoja humwacha msomaji akisubiri toleo lijalo.

Lililozua mjadala zaidi ni lugha. Sheng ilikita mizizi katika mitaa ya Eastlands, ambako vibarua na wafanyakazi wa reli kutoka kila pembe ya nchi walipangishwa nyumba za chumba kimoja, huko Pumwani, Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo. Watoto waliokutana uani na lugha mbalimbali za mama walijiundia ya kwao. Wataalamu wangali wanabishana iwapo hayo yalianza enzi za ukoloni au miaka ya 1970. Msamiati huazimwa kotekote, lakini sarufi ni ya Kiswahili: asemaye "nimesota", yaani sina hata senti, ametumia viambishi vile vile tunavyofunzwa darasani.

Walimu wengi huilaumu Sheng kwa kuharibu insha za wanafunzi, na lawama hiyo haikosi msingi. Ila Kiswahili sanifu kilikuwa na katuni yake tangu zamani, Juha Kalulu ya Edward Gitau katika Taifa Leo, ilhali kijana wa Dandora aliona kwa nadra maneno ya mtaani kwao yakichapishwa katika gazeti la kitaifa.

Waandishi walikabiliwa na tatizo ambalo kamusi haingetatua. Sheng hubadilika upesi, na neno la Umoja huenda lisieleweke Kariobangi, sembuse Lamu. Hivyo ililazimu kuchagua maneno yaliyokwisha kuenea, huku michoro ikibeba mengine. Kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2014.