Mto Tulioutazama Bila Kuusoma

Mhariri ameniomba niandike habari za safari. Nitaandika habari za safari mbili, moja ya Ulaya na moja ya nyumbani, kwa sababu ya kwanza ilinitia aibu, na ya pili ikaniondolea sehemu ya aibu hiyo.

Ndugu zangu tuliosoma pamoja Kwamndolwa, mtakumbuka jinsi tulivyoukariri mto Rhine katika somo la Jiografia. Basel, Strasbourg, Mainz, Koblenz, Cologne, Rotterdam: tuliitaja miji hiyo kama watoto wa chuoni watajavyo alifu na bee. Jumamosi tuliposhuka Korogwe tuliutazama mto wetu wenyewe, tukaona maji tu.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kikazi kwenye mafunzo Ujerumani. Siku moja ya mapumziko tulipandishwa meli ya watalii kutoka Bonn mpaka Koblenz. Kila kilima kilikuwa na ngome, na kila ngome ilikuwa na mtu wa kuieleza. Koblenz, pale mto Mosel unapoingia Rhine, tulioneshwa sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Nikakumbuka kwamba huyu ndiye aliyetoa hati ya tarehe 27 Februari 1885, iliyoipa ulinzi kampuni ya Karl Peters katika nchi ilizodai kuzipata kwa mikataba: Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Uzigua ni kwetu. Mwenzangu Mjerumani akaniuliza, "Na mto wenu una miji gani ya kale?" Nikataja Pangani, kisha nikanyamaza. Nilikuwa sijafika huko hata mara moja.

Likizo iliyofuata niliwashawishi wenzangu wawili wa darasa letu, tukaufuata mto kutoka Korogwe hadi baharini.

Mto huu, ambao wazee wetu wa bara huuita Ruvu na watu wa pwani huuita Pangani, hupata maji yake Kilimanjaro na Meru. Lakini haupitiki kwa vyombo kama Rhine. Karibu na Hale maji huanguka kwa maporomoko, na jahazi la pwani haliwezi kupanda. Ndiyo maana biashara ya zamani ilikwenda kwa miguu kandokando ya bonde: pembe za ndovu na watumwa wakishuka, nguo, bunduki na baruti zikipanda. Mwaka 1857 Burton na Speke walipita huku kwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Usambaa. Baadaye mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara, akapata nguvu za bunduki kuwashinda wakubwa waliobaki milimani. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, na safari za wapagazi zikafifia. Maporomoko yaliyozuia majahazi yakaja kutupa umeme. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964.

Pangani tulifika kwa njia ya Muheza. Ni mji mdogo wenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na boma la kale. Hapa mwezi Agosti 1888 watu walikataa kampuni ya Wajerumani isitwae mji na kupandisha bendera yake. Abushiri bin Salim akawaongoza, na Bwana Heri wa Saadani, pamoja na Wazigua wake, akapigana upande wa kusini. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Tulivuka mto hadi Bweni, kwa kuwa ng'ambo hiyo ndiko iliko Kikogwe. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo asili ya mashamba ya mkonge yaliyowalisha na kuwachosha baba zetu, na kuwasomesha wengi wetu.

Lakini jambo lililonigusa zaidi halina sanamu wala kibao. Bibi yangu, Mzigua, hakupenda kusikia jina la Pangani. Alisema ndugu za babu zake walikwenda huko kutafuta chakula wasirudi. Nilidhani ni hadithi ya kututisha watoto. Kumbe miaka ya 1830 njaa kuu iliikumba Uzigua, na watu wengi walishuka pwani, wakauzwa au wakajiweka rehani kwa chakula, wakasafirishwa kwa majahazi hadi Somalia. Baadhi yao walitoroka mashambani, wakakaa kando ya mto Juba na kuitunza lugha yao ya Kizigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wajukuu wao wengine walikimbilia kwetu. Mwaka 2003 walipewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia. Walirudi wakisema Kizigua, baada ya zaidi ya miaka 150.

Bibi amekwisha kufariki. Sikumwuliza hata jina moja la hao waliopotea. Naijua miji ya Rhine kwa mpangilio, lakini majina hayo siyajui, wala sina tena wa kumwuliza.

Kwa hiyo natoa rai. Sisi tuliokwisha kumaliza tuchange nauli, ili kila mwaka kidato kimoja kiufuate mto mpaka Pangani. Nanyi wadogo zetu, kabla ya safari hiyo, kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwake na kuandika ukurasa mmoja, uwekwe katika maktaba ya shule. Rhine msomeni, maana mtihani unautaka. Ila anzeni na mzee, kwani yeye hatawangoja.