Gari la Moshi na Chakula cha Ng'ombe



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu, wenzangu wameeleza habari za maziwa. Mimi napenda kueleza habari za kitu kinachoyatangulia maziwa, yaani chakula cha ng'ombe, na jinsi kinavyoweza kusafiri kwa reli.

Majani makavu ni mzigo wenye hila. Si mazito, bali hula nafasi, na yakipakiwa ovyo behewa hujaa kabla ya kupata uzito linaoweza kuchukua. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 19 wakulima wa Ulaya na Marekani walianza kutumia mashine za kuyashindilia na kuyafunga marobota, kama tufungavyo pamba. Asiyefunga marobota hulipa nauli ya hewa.

Hapa kwetu, reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ile itokayo Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Hata hivyo, kwa muda mrefu reli hizo hazikukutana ndani ya Tanganyika. Zilikuja kuunganishwa mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Tangu hapo nchi ya pamba, yenye mashudu, na nchi ya mlima, yenye ng'ombe wa maziwa, zikawa na reli moja. Baadaye njia ya Moshi ililala kwa miaka mingi, malori yakashika kazi, mpaka treni za mizigo ziliporejea mwaka 2019.

Lakini reli haimtambui mtu mmoja mmoja. Ng'ombe mmoja wa maziwa hula yapata kilo 10 za majani makavu kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 90, mwenye ng'ombe wawili ahitaji kilo 1,800. Mzigo huo ni mkubwa mno kwa kichwa na baiskeli, tena ni mdogo mno kwa behewa. Lakini wanachama 15 wa namna hiyo wahitaji tani 27, nao waweza kuzungumza na mkuu wa stesheni.

Mfano bora wa jambo hili watoka Kanada. Mwaka 2002 ukame mkali ulizipiga Alberta na Saskatchewan, majimbo ya magharibi, na wafugaji wakaanza kuuza mifugo yao kwa kukosa malisho. Wakulima wa karibu na Ottawa, upande wa mashariki, walikuwa wamevuna majani mengi. Wakaamua kuwapelekea wenzao ambao hawakuwajua hata kwa sura, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Kampuni za reli za Canadian National na Canadian Pacific zilisaidia kuyachukua, na serikali ikatoa fedha. Kabla ya safari, marobota yalitiwa dawa ya moshi ili wadudu waharibifu wa nafaka wasihamie magharibi. Wahitaji walikuwa wengi kuliko majani, basi ikapigwa kura, mtu asije akasema kwamba fulani amependelewa.

Mwaka 2012 jua liligeuka. Ukame ukawashika wa mashariki, Ontario na Quebec, na wale wa magharibi wakalipa wema kwa kuwapelekea majani yao. Hapo ndipo wahenga wetu wanaposema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndugu zangu, ukame wa mwaka 2009 uliwamaliza ng'ombe wengi wa wafugaji wa kaskazini mwa nchi yetu. Kila kiangazi mwanachama huuza mtamba kwa bei ya kutupa, ilhali wakati wa masika majani yalioza bondeni. Kasoro haikuwa ya majani wala ya reli. Tulikosa kukata mapema, kukausha, kufunga marobota, kuyahifadhi pasipo kunyeshewa, na kuagiza mashudu kwa pamoja.

Kwa hiyo, katika miaka 10 ijayo, kila chama cha msingi na kiwe na ghala la majani, na maagizo ya mashudu yaletwe kwa Katibu kabla ya mwezi wa Juni. Gari la moshi halimngoji mtu, wala ng'ombe mwenye njaa hangoji mkutano.