Rubondo: Kisiwa kilichowarudishia sokwe msitu wao

Mwaka 1966, sokwe waliosafirishwa kwa meli kutoka Ulaya waliteremshwa Dar es Salaam, wakapelekwa hadi Ziwa Victoria na kuvushwa kwenda kisiwa cha Rubondo. Wengi wao walizaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakanaswa wangali wachanga na kuuzwa Ulaya, ambako walikulia ndani ya vizimba vya bustani za wanyama na sarakasi. Kufikia mwaka 1969, walioachiwa huru kisiwani walikuwa 17.

Aliyesimamia kazi hiyo ni Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, aliyekwisha kujulikana kwa utetezi wake wa Serengeti. Rubondo ilimvutia kwa sababu msitu wake ulikuwa bado mzima, maji yaliuzunguka pande zote, na hapakuwa na simba wala chui. Mwaka 1965 kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 1977 kikapandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa.

Uhifadhi huo ulikuwa na gharama, na haifai kuifumbia macho. Wavuvi na wakulima wa Kizinza walikuwa wakiishi Rubondo kabla ya wahifadhi. Walihamishwa, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Sokwe nao hawakuzoea mara moja. Hawakufundishwa kuishi porini, na wengi hawakuwa wakifahamiana. Mwanzoni walipewa chakula. Madume wawili waliozoea kuwashambulia watu walipigwa risasi. Waliobaki walijifunza taratibu kutafuta matunda, kujenga viota juu ya miti na kulea watoto. Wanaoishi Rubondo leo ni wazao wao, na idadi yao imepita mbali ile ya waanzilishi.

Sokwe hawakuwa wanyama pekee walioletwa kisiwani, na si kila aliyeletwa alifanikiwa. Tembo 6 na twiga 12 walizaliana, lakini faru weusi 16 walimalizwa na majangili. Maji ya ziwa yaliwazuia simba kufika. Mwenye bunduki na mtumbwi hayakumzuia. Ndiyo maana doria za ziwani ni muhimu hapa kama zile za nchi kavu, hasa kwa kuwa ghuba za hifadhi ni mazalia ya sato na sangara.

Mgeni wa leo huvuka kwa boti kutoka Nkome, upande wa Geita, au Kasenda, upande wa Chato. Kisiwani hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi. Njia hupita chini ya miti mirefu iliyofungamana kwa mibungo, na mabungo ni chakula kikubwa cha sokwe. Maganda mabichi yaliyotupwa chini huonyesha kwamba wamepita muda si mrefu. Ukiinua macho unaweza kuona kiota: matawi yaliyokunjwa yakielekea katikati, yakatandikwa majani, kitanda cha usiku mmoja tu. Kwenye vinamasi huonekana nzohe, na ufukweni viboko, mamba, fisi maji na furukombe.

Kuwaona sokwe wenyewe si jambo la uhakika. Wanaweza kuwa mbali, na kundi lisilozoea watu hutoweka kabla hujalikaribia. Anayefika Rubondo aende na subira, atii maelekezo ya askari na akae mbali na sokwe akiwa na mafua, kwani maradhi yetu huwaambukiza.

Rubondo imethibitisha kwamba mnyama aliyenyang'anywa msitu anaweza kurudishiwa maisha yake, mradi msitu wenyewe uwepo. Haki hiyohiyo iwafikie wanadamu. Historia ya Wazinza isimuliwe kwa kila mgeni kama inavyosimuliwa ya sokwe, na vijana wa vijiji vinavyokitazama kisiwa wapewe nafasi ya kwanza katika ajira za kuongoza wageni na kuendesha boti. Wazee wao ndio waliolipa gharama ya kwanza ya hifadhi hii.